Mwizi Aliyefunga Dirisha

Mwizi aliiba boksi moja la vidonge katika zahanati ya Kamwokya, na alipoondoka alilifunga dirisha.

Inspekta Safinah alichuchumaa nje kuliangalia. Nondo mbili zilikuwa zimekatwa kwa msumeno wa chuma, kisha zikarudishwa mahali pake na kufungwa kwa waya, juu na chini, kwa uangalifu.

"Mwizi gani huyu?" aliuliza Konstebo Amito. "Anavunja, halafu anatengeneza?"

"Hakutaka wezi wengine waingie nyuma yake. Chukua alama za vidole. Waya nitaufungua mwenyewe."

Ndani, muuguzi Loice, mwenye zahanati, alikuwa amesimama mbele ya kabati la dawa.

"Dawa za malaria zipo?" aliuliza Safinah.

"Zipo."

"Darubini?"

"Ipo. Hata redio yangu ameiacha. Amechukua aciclovir peke yake."

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya tetekuwanga kwa watu wazima. Ya malengelenge ya midomo na ya sehemu za siri. Na ya kisipi, mkanda wa jeshi."

Kisipi Safinah alikijua. Nani Kampala asiyekijua? Malengelenge yanamzunguka mtu kama mkanda, kisha maneno ya majirani yanamzunguka pia.

"Nani aliiulizia?"

"Mwanaume mmoja, jana. Alisema ni ya mke wake. Nikamwambia amlete nimwone. Akasema mke wake hatoki nje. Sikumuuzia, Afande. Dawa hii inatolewa mwilini na figo. Kama figo zake ni mbovu na anameza bila mpango, itamdhuru. Na kama ana mimba, lazima nijue."

"Ulimuuliza malengelenge yako wapi?"

Loice aligusa paji la uso wake, akakishusha kidole mpaka kwenye kope la jicho la kulia.

"Alionyesha hapa. Kisipi kikiingia ndani ya jicho, mtu anaweza kupofuka. Dawa inasaidia ikianzwa mapema. Ningemfuata nyumbani, lakini wagonjwa walikuwa wengi." Sauti yake ikashuka. "Mkamate, Afande. Lakini fanya haraka, kwa ajili ya huyo mama."

"Alikuwaje?"

"Anasema Kiswahili cha Kongo. Mikono yake imejaa makovu ya cheche za moto."

"Katwe, kwa mafundi vyuma," alisema Safinah.

* * *

Katwe nzima ilikuwa inagonga vyuma. Safinah alikwenda moja kwa moja kwa Dawudi, muuza vyuma chakavu, aliyemjua tangu utoto.

"Dada Safinah! Umekuja kunikamata au kununua sigiri ya makaa?"

"Itategemea utakavyonijibu. Kazi ya nani hii?"

Dawudi aliupokea waya wa dirishani, akaugeuza mkononi. "Tafuta ncha yake."

Safinah aliupapasa. "Siipati."

"Huwezi kuipata. Sisi tunaacha ncha nje; ikikuchoma, shauri yako. Hapa ni mtu mmoja tu anayeikunja ndani. Anatengeneza vitanda vya watoto, hataki mtoto akwaruzwe. Ni Mugisho, yule Mkongo wa nyuma pale. Amefanya nini?"

"Amefunga dirisha."

"Banange! Siku hizi hilo ni kosa?"

* * *

Mugisho alikuwa mlangoni pa karakana yake, anapiga nyundo. Nyuma yake kilining'inia kitambaa cha kitenge kilichotenga chumba cha kulala. Alipoona sare ya Amito, nyundo ilisimama.

"Jana usiku ulikuwa wapi?" aliuliza Safinah.

"Hapa, Afande. Nililala."

"Na nani?"

"Na bibi yangu."

"Yuko wapi?"

"Amesafiri. Amekwenda kwetu Bukavu."

Nyuma ya kitambaa mtu alikohoa.

"Bukavu imesogea," alisema Amito.

Mugisho aliinamisha kichwa. Juu ya meza ya kazi Safinah aliona jiwe bapa lenye unga mweupe uliochanganywa na mafuta ya kupaka. Pembeni kulikuwa na boksi la vidonge.

"Nyoosha mikono," alisema.

Pingu zililia. Hapo hapo kitenge kikavutwa, na mwanamke akatoka.

"Mimi ndiye niliyeiba!"

Alikuwa Marie-Louise, mke wa Mugisho. Hakujifunika uso. Nusu ya paji lake ilijaa malengelenge yaliyopakwa ute mweupe unaong'aa kwa mafuta, na jicho la kulia lilikuwa limevimba hadi kufumba. Mafundi waliokusanyika mlangoni walirudi nyuma hatua moja.

"Nondo ulizikata na nini, mama?" Safinah aliuliza taratibu.

"Na... na kisu."

"Marie-Louise, rudi ndani," Mugisho alimsihi. "Watu wanakuona."

"Waone! Walisema nina ukimwi, wakanikimbia, nikajificha. Sasa wanakuchukua wewe, nijifiche kwa ajili ya nani?"

Safinah alimgeukia Mugisho. "Amemeza vidonge vingapi?"

"Hakumeza hata kimoja. Ugonjwa uko kwenye ngozi, Afande. Nasaga, napaka kwenye ngozi. Napaka kila saa, lakini jicho linazidi kufumba."

"Amito," alisema Safinah, "washa gari."

* * *

Zahanatini, Loice alimkalisha Marie-Louise kitini na kumwosha ule ute kwa maji safi.

"Una mimba?"

"Hapana, musawo."

"Umewahi kuumwa figo? Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hapana."

"Utotoni uliugua tetekuwanga?"

"Ndiyo, nikiwa mdogo sana."

"Basi hiki ni kisipi. Kijidudu cha tetekuwanga hakikuondoka, kililala kwenye neva miaka yote hii. Sasa kimeamka. Kinaweza kuamka kwa mtu yeyote. Damu tutapima ukitaka, ili wewe ujue, siyo ili majirani wajue." Alimpa vidonge na kikombe kikubwa cha maji. "Vinamezwa. Mara tano kwa siku, kwa nafasi, na maji mengi. Malengelenge yakikauka usiache. Maliza vyote nitakavyokupa. Na usikae karibu na watoto wachanga wala wajawazito mpaka yakauke. Sasa twendeni hospitali ya macho, dawa peke yake haitoshi."

Marie-Louise alimeza. Mugisho alimtazama koo likipanda na kushuka, kama mtu anayehesabiwa maisha yake.

* * *

Safinah, Amito na Mugisho walisubiri kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa macho. Loice aliingia na mgonjwa.

"Sasa niambie," alisema Safinah.

"Niliiba, Afande. Nilikata nondo, nikachukua boksi, nikafunga."

"Kwa nini hukununua kwingine?"

"Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, walisema hawamuuzii mtu asiye na duka la dawa. Musawo Loice alisema nimlete bibi." Alitazama pingu zake. "Kikundi chake cha maombi kilipoacha kuja, aliniomba kitu kimoja tu, watu wasimwone. Tangu tukimbie vita, mwanamke huyu hajawahi kuniomba kitu kingine. Ningemtoa kwa nguvu? Nikaona afadhali mimi niwe mwizi."

"Ungempofusha kwa huruma hiyo."

"Sasa najua."

"Kesi iko palepale, Mugisho. Utasimama mbele ya hakimu. Nitamweleza yote, na dirisha nitamwonyesha."

"Ndiyo, Afande."

Loice alifungua mlango. Daktari aliwaita ndani. Alikuwa ameliinua kope lililovimba kwa kidole, polepole, na kuliziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Kioo cha jicho hakijaguswa," alisema. "Mmewahi. Mama, angalia mlangoni. Unaona nini?"

Marie-Louise aligeuza kichwa. Mugisho alikuwa amesimama pale.

"Naona mwizi," alisema. "Mwambieni asilie. Naona mpaka machozi yake."