Mjumbe Asiyepiga Kura

Walikutana Jumamosi, duka la vifaa vya ujenzi limefurika watu, mikono yao miwili imeshika kopo moja la mwisho la rangi ya buluu. Marit Solberg, mwalimu wa maigizo, aliitaka kwa bahari ya jukwaani. Everett Lindqvist, mjumbe wa bodi ya shule, aliitaka kwa banda lake.

"Banda na bahari wapi na wapi?" Marit alimuuliza. Alivaa ovaroli yenye madoa, penseli kaichomeka nyweleni.

"Basi chukua kopo, na mimi unichukue nikakusaidie kupaka."

Akapaka kila Jumamosi, miezi mitano, na mapenzi yakakolea kwa siri. Kanuni ya bodi ilikuwa wazi: mjumbe mwenye mpenzi mwalimu hapigi kura katika jambo la mwalimu huyo. Na bodi ilikuwa karibu kuamua kama mchezo wa wanafunzi wa Marit uendelee au ufutwe. Wajumbe walikuwa saba. Wanne waliutaka, Everett akiwemo. Watatu hawakutaka hata kuusikia.

"Nikitaja jina lako tu, mchezo umekwenda," alimwambia.

Marit alikubali, lakini siri hiyo iliendelea kumchoma moyoni. Jumanne mchana akipita mkahawani, alimwona Everett dirishani na mwanamke wa koti jekundu, vichwa vimekaribiana juu ya sahani ya pai. Yule mwanamke akamgusa mkono. Wivu ukampanda Marit hadi masikio yakamwaka moto. Akapiga simu palepale, kwenye theluji.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kazini, mpenzi."

"Kazini kwenu siku hizi mnagawiwa pai?"

Everett akageuza uso dirishani, akamwona.

"Marit, nitakueleza Alhamisi."

"Huyo unakaa naye dirishani watu wote wakuone, mimi unanificha stoo na makopo ya rangi! Usinipigie tena!"

Hakupokea simu zake kumi na moja. Alizihesabu zote.

Alhamisi ukumbi wa bodi ulijaa wanafunzi waliovaa mavazi yao ya samaki. Na pale mbele, karibu na mwenyekiti, kumbe ameketi koti jekundu! Marit alimpima kuanzia viatu hadi hereni. Alikuwa mzuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Wazazi walizungumza, kila mmoja dakika zake tatu. Mwenyekiti alipoitisha kura, Everett akasimama, tai imempinda.

"Mwenyekiti, mimi sipigi kura. Nampenda Mwalimu Solberg. Ilinipasa kusema tangu mwanzo. Mwanasheria wetu hapa ameniambia hivyo Jumanne, wala hakunibembeleza."

Koti jekundu likaitikia kwa kichwa.

Kura zikawa tatu kwa tatu. Zikilingana, hoja ya kuuendeleza mchezo imeanguka. Samaki mmoja mdogo akaanza kulia, wenzake wakafuata. Marit alikuwa ametajwa mbele ya mji mzima, kama alivyotamani, na sasa hakujua aweke wapi uso wake.

Alimkuta Everett kwenye korido.

"Umeniulia mchezo."

"Najua."

"Si ungenyamaza!"

"Ningenyamaza, ungerudi?"

Marit akafikiri. "Nisingerudi."

"Nimeomba ukumbi wa wazima moto. Bodi haina kauli kule. Jukwaa hawana, tutalijenga." Akatoa pete mfukoni, imegandwa na rangi ya buluu kidogo. "Nikuoe, Marit?"

Machozi yalimtoka Marit huku akicheka. Akanyoosha kidole. Mara mlango ukafunguka na mwanasheria akapita, koti lake likipepea. Marit akamfuata kwa macho hadi akatokomea.

"Yule harusini haji."

"Ana mume, kipenzi."

"Basi aje na mumewe," Marit alisema, akiisukuma pete ikae vizuri. "Lakini asivae jekundu."