Boti Isiyo na Ngazi

Kila akitoka shule, Chuchunge alivua sare, akajaza pipa maji na kuanza kuosha vifaa vya kuzamia. Aliosha miwani moja moja, akasuuza mapezi ya mpira, kisha akavianika vyote kivulini visipasuke kwa jua. Zamani kazi hiyo waliifanya yeye na mama yake, wakirushiana maji mpaka wakalowa chapachapa. Hata jina hilo la samaki mwembamba alibandikwa na mama.

Mama alifariki miezi saba iliyopita. Yeye na baba walikuwa wakiwapeleka wageni chini ya bahari kutazama matumbawe. Baada ya msiba baba aliiuza boti yao, akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana" tu. Lakini riziki yao ilikuwa baharini, na bila boti hapakuwa na kazi; vifaa vilioshwa tu, havikutumika.

Jumamosi moja baba alisema, "Twende tukachague boti, mwanangu. Akili yangu siku hizi haitulii, nisaidie kutazama."

Kwa fundi wa boti, boti mbili zilielea kando ya gati. Moja ilikuwa pana, rangi imechujuka, ina ngazi ya chuma nyuma. Ya pili ilikuwa ya buluu, ina paa la turubai na kingo zilizoinuka. Moyo wa Chuchunge uliruka. Mama alitamani sana boti yenye paa, wageni wasiungue jua.

"Hii haina ngazi," baba alisema.

"Kwani ukingo una urefu gani, mzee?" fundi alijibu. "Hata mtoto anapanda."

"Haya, apande."

Baba alimfunga binti yake mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi, ule unaowasaidia wazamiaji kushuka, naye akaingia baharini mpaka maji yakamfika kifuani. Kisha baba akageuka kana kwamba hawezi kutazama, akajifanya anakagua injini.

Chuchunge alijaribu, akateleza. Alijaribu tena, mikono ikaisha nguvu. Fundi akainama upesi, akamshika mkanda na kumvuta ndani.

"Kimya," alinong'ona. "Nimekuvuta kwa mkono mmoja tu, si kitu."

"Umepanda mwenyewe?" baba aliuliza.

"Nimepanda mwenyewe."

Baba akacheka, meno yote nje. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na Chuchunge hakuwa na moyo wa kukizima.

"Tutaichukua Jumatatu," baba akamwambia fundi.

Kesho yake mchana, Chuchunge alikuwa akichezea chakula tu bila kula. Baba alikuwa akieleza mitungi ya hewa itapangwa wapi na wageni watakaa wapi. Hakuwa ameongea hivyo kwa muda mrefu.

"Baba, sikupanda mwenyewe. Fundi alinivuta."

Kijiko cha baba kilisimama njiani. "Mbona ulinidanganya?"

"Ulikuwa umecheka."

Baba aliinuka, akatoka uani. Chuchunge alimsikia akilia kwa kwikwi, naye machozi yakamdondokea sahanini. Baba aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Siku ile ya msiba mama yako aliibuka salama," alisema taratibu. "Bahari ilikuwa imechafuka, naye amechoka. Alijaribu kupanda mara tatu. Mara ya tatu boti iliinuka, ikashuka, ikamgonga kichwani. Aliwahi kuniomba tuweke ngazi. Nikamwambia, 'Mwenye nguvu kama wewe, ngazi ya nini?' Akanyamaza."

Jumatatu walichukua ile boti pana iliyochujuka, yenye ngazi. Fundi hakuwatazama usoni.

Katika safari ya kwanza, mwalimu mmoja mstaafu alipanda ngazi akihema, akipumzika kila kidato. "Msinicheke," alisema, "magoti haya yameizidi umri boti yenu!" Wageni wote wakacheka. Baba hakucheka. Alisimama akimtazama mpaka mguu wa mwisho ulipoingia ndani.

Wakati wa kurudi alimkalisha binti yake karibu na usukani.

"Sikiliza, mwanangu. Furaha yangu usiilinde kwa uongo. Ukweli ukiniliza, nitalia, kisha nitanyamaza. Lakini hawa watu wameweka roho zao mikononi mwetu. Ukiona kasoro, sema."

"Hata kama kosa ni lako, baba?"

"Hapo ndipo useme zaidi. Na nisiposikia, rudia. Mama yako aliniambia mara moja tu."