Njia ya Zambarau

Hii sikusimuliwa na mtu. Ilimkuta mdogo wangu, kitindamimba wetu, tunayemwita Mjusi kwa sababu tangu ajue kutambaa hajawahi kuona ukuta akauacha salama. Mimi ni fundi cherehani. Jumamosi ile nilikuwa dukani kwangu napiga pindo za mapazia, akasimama mlangoni na mfuko mgongoni, kachangamka kama mtu aliyepata kazi. Akasema wiki ijayo tunakwenda kupanda jabali la kweli. Nikamuuliza tunakwenda nani. Akasema mimi na yeye.

Nikacheka. Mjusi alizoea kupanda ndani ya jimu, kwenye ukuta wa mbao uliofungwa vishikio vya plastiki vya kila rangi, chini kumetandikwa magodoro. Mimi ndiye ninayemshikia kamba, inayotoka kiunoni kwake, ikapita juu, ikarudi kiunoni kwangu. Yeye ni ufito, mimi Mungu kanijalia mwili. Akiteleza huko juu, mimi huku chini sitikisiki. Ndiyo kazi yangu pale, kuwa mzito, na naiweza kuliko wote.

Sheria ya jimu ni rahisi. Unachagua rangi moja, unaifuata hiyo hiyo mpaka juu, na hujamaliza mpaka mikono yote miwili iguse kishikio cha mwisho. Njia moja tu haikuwa na mwisho. Ile ya zambarau ilikatika katikati, juu yake ukabaki ukuta mtupu. Aliyekuwa akiifunga ni yule tuliyemwita Fundi, aliyemfundisha Mjusi kila anachokijua. Aliiacha akisema ataimalizia akirudi. Akaenda kupanda jabali, akaanguka, akafa. Mwalimu wa jimu hakuwa na moyo wa kuving'oa vile vishikio vyake.

Jabali alilolitaka Mjusi ni hilo hilo.

Roho yangu ilikataa pale pale. Lakini mwenzangu alikuwa ameshapanga kila kitu: kofia ngumu za kuazima, kamba mpya, na mwalimu mwenyewe atapitia njia ya nyuma aifunge kamba kileleni, ili hata akiteleza abaki ananing'inia tu. Akanionyesha picha ya jabali kwenye simu. Akapitisha kidole juu ya kioo, kushoto, kulia, kushoto. Nikamuuliza atajuaje pa kushika, na jiwe lote ni kijivu.

"Dada, si hivi hapa, vya zambarau?"

Niliikuza ile picha mpaka ikavurugika. Jiwe tupu. Nikadhani ananitania, maana utani wake siku zote hauna kichwa wala miguu. Ila hakucheka.

Nikalipeleka kwa mama, nikijua atakataa. Mama akamtazama mwanawe anavyong'aa, akashindwa. Akanivuta jikoni, akanishika mkono. "Nakukabidhi," akaninong'oneza. "Unirudishie." Basi mzigo ukawa wangu.

Tulifika asubuhi, jua linawaka, ndege wanapiga kelele. Mwalimu akazunguka nyuma, akafunga kamba, akatudondoshea. Mjusi alikuwa na kidole kilichochanika, nikakizungushia kipande cha bitana ya kijani kutoka dukani, nikakishona kwa sindano hapo hapo kidoleni ili kisilegee. Akaniita mama wa pili, akanibusu kipajini, akapanda.

Mwanzoni alikwenda vizuri. Halafu akaanza kupotelea kushoto, mbali na kamba inakoshukia. Nikamwita. Hakugeuka. Pale alipokuwa, jiwe lilikuwa laini kama sahani. Hapakuwa na pa kushika. Lakini mikono yake ilikuwa inashika. Miguu inafuata.

Ndege wakanyamaza.

Nikamsikia anaongea. Taratibu, kama unavyoongea na mtu mliyegusana naye bega. Akacheka kidogo. Akainua mkono wa kulia, akaubandika kwenye jiwe. Akageuza uso kushoto. Akasubiri.

Niliogopa, sifichi. Nikavuta kamba yote iliyolegea, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote ili nimbandue pale. Hakubanduka. Kamba ikakaza. Ikazidi kukaza. Visigino vyangu vikaacha ardhi. Mimi, nikanyanyuliwa na yule ufito.

Nililitaja jina la Mungu. Kitu kikaachia. Mjusi akapepea hewani kama nguo kwenye kamba, nikamteremsha. Alipofika chini, kidole kilikuwa kitupu. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Nilibakiza mkono mmoja tu," akasema.

Nilimrudisha mzima kwa mama, hana hata mchubuko. Mama alimpapasa kuanzia kichwani, akashukuru, na mimi nikajiona nimetua mzigo.

Jumatatu mwalimu akanipigia simu. Nikaenda. Kwenye njia ya zambarau, pale juu palipokuwa patupu, palikuwa na kishikio. Aliniapia kwamba si yeye aliyekifunga, na ngazi ilikuwa stoo kwa kufuli. Juu ya kishikio palikuwa na chaki, ile wapandaji wanayojipaka mikononi wasiteleze, alama ya mkono mmoja, wa kulia. Akapanda na spana, akakilegeza. Nyuma yake, kilipokuwa kimebanwa na ukuta, kikaanguka kitambaa cha kijani. Nikakiokota. Mshono ulikuwa wangu, haujakatwa wala kufumuka. Duara la kidole bado lilikuwepo.

Nilikusanya vifaa vya Mjusi, mkanda wake wa kufungia kamba na kamba yenyewe, nikavifungia kwenye kabati la dukani. Jioni nikamwambia basi, imetosha, simshikii tena kamba maisha yangu yote. Nilitegemea atanuna. Hakununa. Alinisogelea, akaninong'oneza kwa upole kama anayembembeleza mtoto.

"Usijali, dada. Nimeshapata wa kunishikia. Ni mzito kuliko wewe."

Asubuhi yake nilifungua duka. Kufuli la kabati lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Ndani hamkuwa na mkanda wala kamba. Kwenye rafu palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya chaki. Niliupima mkono wangu juu yake, nao haukuijaza, na mkono wa Mjusi ni mdogo kuliko wangu.

Simu ikaita. Alikuwa mama, anauliza kama mtoto amelala kwangu.