Mama Nice Aenda Bustanini Mikono Mitupu

Matilda, au Mama Nice kama wateja wanavyomwita, anauza vitenge Kariakoo. Duka lake liko ndani kabisa ya jengo refu, na halina dirisha. Taa zinawaka kutwa nzima. Nyumbani kwake ni ghorofa ya nne ya jengo hilohilo. Asubuhi anashuka ngazi, jioni anapanda ngazi. Watu walimwona ana bahati, maana hapotezi muda barabarani. Ni kweli, lakini jua alionana nalo kwa nadra, kama ndugu wa mbali.

Siku hizo Mama Nice hakuwa na raha. Usiku usingizi ulimkimbia. Mchana kichwa kilimuuma. Mteja akiomba kupunguziwa bei, anafoka. Nyumbani kijiko kikianguka, anafoka.

Jioni moja binti yake Nice, mwanafunzi wa sekondari, alisema akiwa ameinamisha kichwa, "Mama, shule zikifungwa naomba nihamie kwa shangazi, Ilala."

"Kwa nini? Hapa kuna nini?"

"Hapa naogopa hata kucheka."

Maneno hayo yalimchoma Mama Nice. Alimtazama mumewe Elieshi, akitumaini atamkemea mtoto. Elieshi akasema taratibu, "Nitaongea na dada."

Mama Nice alitoka mlangoni, akalia. Jirani yao Leticia, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, alimkuta hapo.

"Mama Nice, vipi tena?"

Akamweleza yote. "Nesi, au nimerogwa?"

"Hujarogwa. Umechoka. Mara ya mwisho umekaa nje ukaona miti ni lini?"

Mama Nice alifikiri. "Krismasi, nilipoenda kwetu Marangu."

"Basi. Mwili unahitaji mwanga wa mchana ili ujue saa ya kulala. Na akili inayoshinda kwenye kelele inahitaji mahali pa kutulia. Miti na upepo vinasaidia sana. Nenda bustani ya Mnazi Mmoja kila siku, hata nusu saa. Ila ukiona huzuni haiondoki, au ukaanza kuona maisha hayana maana, usingoje. Njoo kliniki. Bustani haichukui nafasi ya matibabu."

Kesho yake Mama Nice akaenda. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo humwambii akae bure! Alibeba vitenge vichache mfukoni, huenda akapata mtu. Akampata. Siku iliyofuata akaja na mfuko mkubwa. Wiki haijaisha, vitenge vikawa vinaning'inia kwenye mwarobaini, na simu iko sikioni. Leticia alipopita, alimkuta akivutana bei na kina mama wawili.

"Mama Nice! Hiki ndicho nilichokutuma?"

"Nesi, huku biashara inaenda!"

"Na usingizi?"

Mama Nice alikunja kitenge kimoja pole pole. "Bado."

"Utapataje? Hujapumzika, umehamisha duka. Kesho njoo mikono mitupu. Simu mwachie Baba Nice."

Siku ya mikono mitupu ilikuwa ngumu. Mikono haikujua ikae wapi. Kila mara alitaka kuinuka awahi dukani. Mara kunguru wawili wakaanza kugombea ganda la muhogo, wakifokeana bila haya. Mama Nice akajiona mwenyewe, akacheka peke yake. Kisha akasikia upepo kwenye majani. Alikaa akiusikiliza, na mabega yake yakalegea.

Akarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Baadaye akawa anautamani muda ule. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Sauti ikashuka. Bado siku nyingine alifoka, lakini sasa alijua kuomba radhi. Nice naye akaanza kumfuata bustanini akitoka shule. Walitembea kivulini wakipiga soga, na Mama Nice akajua jina la rafiki mpya wa mwanawe.

Shule zilipofungwa, shangazi alipiga simu. Nice ndiye aliyepokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kitanda nimeshakutandikia. Unahamia lini?"

Mama Nice alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alisikia swali hilo, akaacha kumenya.

"Shangazi, nitakuja kukusalimia," Nice alisema. "Ila kulala, nitalala nyumbani."