Imejaa, Dada Msomi?

UPS ililia wakati umeme upo.

Feni ilikuwa inazunguka, spika ya duka la jirani inabweka ofa za simu, stendi nzima ya Buzuruga ina umeme wa kumwaga, lakini lile sanduku jeusi la kuhifadhi umeme wa kompyuta chini ya meza ya Akelo likatoa mlio wake wa msiba: pii, pii, pii. Umeme umekatika, okoa kazi yako. Kabla hajaigusa mausi, kioo kikazima. CV ya mteja, iliyotungwa uongo kwa ustadi mkubwa, ikaenda na maji.

"We dada, mbona umezima?"

"Nimezima mimi? Kwani we unaona nina mkia wa kufikia swichi?"

Watu wa stendi walishamzoea Akelo. Digrii ya kompyuta, upper second, cheti kimelaminetiwa kwa mashine ile ile anayolaminetia vitambulisho vya bodaboda. Vijana wajiajiri, wanasema wakubwa kwenye redio. Wajiajiri na nini, na hewa? Alikuwa ameajiriwa na Hellen, mwenye steshenari, mwanamke mpole aliyeishia darasa la saba, na kila asubuhi jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

"Akelo," Hellen aliita kutoka kwenye mashine ya fotokopi, "si juzijuzi tu ulitia betri mpya humo? Uliitoa wapi?"

"Kwa fundi."

Jibu lilitoka haraka mno. Akainama chini ya meza ajifanye anakagua waya, kumbe anauficha uso.

Betri haikutoka kwa fundi. Ilikuwa ya Ojwang.

Ojwang alikuwa mtoto wa mama mdogo Evelina, ambaye kwake kule Igombe ndiko Akelo alikokuwa akila na kulala tangu amalize chuo. Kijana wa ziwani, mvuvi wa dagaa. Kila kipindi cha giza, mwezi ukiwa haupo, aliileta stendi betri ya taa ya mtumbwi wao ichajiwe. Siku ile dirisha la maombi ya kazi lilikuwa linafungwa jioni, umeme unakatika na kurudi kama homa ya malaria, na kila ukikatika UPS haikuvumilia hata pumzi moja. Betri yake ilishachoka. Na pale kwenye kona ilikaa ya Ojwang, imejaa, saizi ile ile, volti zile zile.

Akelo akazibadilisha.

Ile mbovu aliipima kwa mita. Ikasoma kumi na mbili na ushee, kama nzima. Mtu wa mtaani angedanganyika. Yeye alisomeshwa: betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa haijabebeshwa kitu, ipe mzigo, inaanguka. Alijua. Akaifungia kwenye boksi la taa hivyo hivyo, akijiambia kesho atazirudisha.

"Imejaa, dada msomi?" Ojwang aliuliza akiipokea, meno yote nje.

"Imejaa."

Maombi ya kazi yakaenda. Usiku huo kule ziwani taa ikazima, upepo ukachafuka, na mtumbwi mkubwa wa injini uliokuwa unakimbilia nchi kavu ukapita juu yao bila kuwaona. Wenzake waliogelea. Taa yenyewe ililetwa ufukweni na mawimbi. Ojwang hakuletwa.

Wazee wa ukoo walikuwa wamepiga simu kutoka Rorya: kama maji hayatamrudisha kufikia Jumamosi, wanakuja kuzika tunda la yago badala yake, ndivyo Wajaluo wanavyomzika mtu aliyepotea. Evelina aliisikiliza simu hadi mwisho, akasema neno moja tu na kukata. "Sikuzaa tunda."

Tangu hapo alikuwa anashinda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, akiyatazama maji, na Akelo alikuwa anampelekea uji.

Siku moja baada ya ile CV kupotea, UPS ilizima tena. Akelo akaanza na mambo ya kawaida, maana shetani wa kwanza wa kompyuta ni waya. Akabadilisha soketi. Akabadilisha kebo. Akaondoa printa ili kupunguza mzigo. Akabonyeza kitufe cha kujipima, na mashine ikajipima, ikawasha kijani chake, ikasema iko salama. Alipokaa tu kwenye kiti: pii, pii, kimya.

Na kwenye ule ukimya, safari hii, kulikuwa na harufu. Dagaa wabichi. Hellen akavuta pua.

"Nani kaingia na samaki humu?"

"Hakuna mtu, dada Hellen."

"Naona. Ndiyo maana nauliza."

Siku hiyo hiyo Akelo alianza kusikia swali. Halikutoka kwenye spika ya kompyuta, hiyo ilikuwa imekufa zamani. Lilitoka chini ya meza, usawa wa magoti yake, taratibu, kama mtu mwenye maji mdomoni anayejitahidi asiyamwage: *Imejaa?*

Alijipiga kofi. Stress hiyo, alijiambia. Unakula mara moja kwa siku, utaacha kusikia sauti?

Ijumaa mchana akaja Modesta, mganga wa Nyakato, na flashi yake. Alitaka mabango: ANARUDISHA MPENZI, ANANASA MWIZI, ANAFUKUZA MAJINI YA NCHI KAVU NA YA MAJINI.

"Shikamoo mama," Hellen alimsalimia.

"Marahaba. Fanyeni haraka, nina foleni."

"Majini ya majini," Akelo alisoma kwa sauti, akicheka kwa pua. "Mama, hapa pamekaa kama umerudia."

"Wewe chapa. Digrii yako haijui jini la nchi kavu na la ziwani."

Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka ziwani na duka likawa na giza la mvua. Bango la kwanza lilipotokeza nusu kwenye printa, UPS ikalia. Akelo akapandwa na hasira, hasira ya miaka yote, akapiga magoti, akaing'oa plagi ukutani, akafungua mfuniko kwa bisibisi, akachomoa nyaya na kuitoa betri ya Ojwang, akaiweka sakafuni mbele ya watu wote. Sanduku likabaki tupu, halina umeme wa ukutani wala wa betri, bati na plastiki tu.

Pii, ikasema. Pii. Pii.

Hakuna aliyecheka. Kutoka ndani ya sanduku tupu maji yakaanza kutiririka, machache kwanza, kisha mengi, maji ya kijani ya ziwa yenye magamba madogo yanayong'aa, yakaizunguka betri pale sakafuni na kuyafikia magoti ya Akelo, ya baridi, na alipoinua macho kukikimbia kile alichokuwa anakiona akakutana na kioo cheusi cha kompyuta, na ndani ya kioo akamwona Hellen ameshika mdomo, akamwona Modesta na mkoba wake, na nyuma ya Modesta, kwa adabu kabisa, kama mteja anayesubiri zamu yake asitake kumharakisha mtu, akamwona kijana aliyeinamisha kichwa, shati limemgandia mwilini, maji yanamdondoka kwenye ncha za vidole, na kijana yule akaanza kuinua uso, polepole, akiwa tayari kuuliza.

"Usigeuke," Modesta alinong'ona. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Binti, tafadhali usigeuke."

"Mfukuze, mama!" Hellen alilia kwa sauti ya chini. "Si umeandika unafukuza?"

"Mabango yangu ni biashara. Nifukuze nini hapa? Huyu hakutumwa na mtu." Akaangalia sakafuni. "Betri hii ya nani?"

Akelo aliifunika betri kwa viganja.

"Haya, usiniambie mimi. Kamwambie aliyemzaa. Irudishe kwenye taa yake, useme kwa mdomo wako, maji yakisikia. Na usipambe! Ninyi wasomi mnajua kupamba."

Jua lilikuwa linaegemea mawe ya Igombe Akelo alipofika mwaloni, betri kifuani kama mtoto. Alipitia nyumbani kwanza, akachukua taa. Mama mdogo Evelina alikuwa amechuchumaa kwenye nyavu za kuanikia, akigeuza dagaa wa watu wengine.

"Mama mdogo. Taa ya Ojwang haikuharibika yenyewe."

Evelina aliendelea kugeuza dagaa.

"Ni mimi. Nilichukua betri yake nikatia kwenye kompyuta. Nikampa iliyochoka."

Mikono ikasimama.

"Ulijua imechoka?"

"Technically, mita ilikuwa inasoma..."

"Akelo. Kiingereza chako kimemlisha nani nyumbani?"

Akelo akalia. Evelina hakumwambia nyamaza.

"Ulijua itazima?"

"Nilijua inaweza kuzima."

"Inaweza si jibu, nyathina, mwanangu."

Upepo ulitulia. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakaacha sindano hewani.

"Nilijua," Akelo alisema. "Alivyoniuliza nikamwambia imejaa, na nilijua."

Evelina akanyoosha kidole majini.

"Mpelekee."

Akelo akaunganisha nyaya, taa ikawaka nyeupe kali, akaingia ziwani nayo. Maji yakampata magoti, mapaja, kiuno. Harufu ikaja, ile ile ya dukani, na chini ya maji, upande wa pili wa boksi la taa, kitu kikashika. Hakikuvuta. Alitamani kivute, mtu akivutwa ana haki ya kupiga kelele, lakini hiki kilishika tu, taratibu, kama mtu anayekupokea mzigo akakungoja uuachie mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa hawezi kuuachia, vidole vimeganda, neno la samahani likiwa dogo mno kulitoa, mpaka mwishowe akafumba macho na kufungua mikono.

Taa ikazama ikiwaka. Ikaondoka chini ya maji kuelekea mawe ya mbali, bila haraka, ikasimama huko, ikabaki pale pale.

Vijana wawili wakarukia mtumbwi bila kuambiwa. Walipofika penye mwanga waliukuta mwili, mmoja akapiga ukelele, kisha akaanza kuita jina la Ojwang, na wanawake wa mwaloni wakaipokea sauti hiyo kwa vilio.

Akelo alitoka majini mbio, akamshika mama mdogo asianguke. Evelina hakuwa anaanguka. Aliutoa ule mkono begani mwake, kidole kimoja kimoja.

"Huko majini, alikushika?"

"Hapana, mama mdogo. Alishika taa tu."

Evelina akatikisa kichwa kukubali, akajifunga kanga vizuri kiunoni ili akampokee mwanawe.

"Basi yeye amekusamehe," alisema. Akapiga hatua, akageuka. "Yeye."