Seva Iliyojibu "Sijambo"

Muuguzi mkuu alinikuta nimepiga magoti, makalio yamewaelekea wageni aliokuwa akiwatembeza, kichwa nimekiingiza kwenye kabati la seva, naliambia sanduku la chuma: "Shikamoo, mzee. Nakuomba, niachie damu ya mama mkwe."

Nimetembea nchi za watu, nimelala vituo vya treni, nimefukuzwa kazi kwa lugha nisizozijua. Aibu ya namna ile sikuwahi kukutana nayo.

"Fundi," alisema, akiwafungia wageni mlango usoni, "umelewa?"

"Heri ningekuwa nimelewa, dada."

Ikabidi nimweleze. Hospitalini kwetu majibu ya maabara hayabebwi tena kwa karatasi. Mashine ikishapima damu huyakabidhi kwa wakala, yaani programu ya akili bandia, naye huyapitisha kwenye seva, zile kompyuta za kabatini, hadi wodini. Ila wakala hana macho. Hajui seva ipi nzima, ipi mahututi. Ndipo mimi, kwa ufundi wangu wa kujisifu, nikamtengenezea chombo cha kuzijulia hali. Wakala anauliza "Hujambo?" Seva ikijibu "Sijambo", taa inawaka kijani kwenye skrini, na kazi inapelekwa huko.

Sasa ile seva ya zamani, aliyoitunza marehemu fundi mkuu, niliichomoa kwa mikono yangu. Ilibaki chini ya kabati haina waya, feni nimeing'oa. Na ndiyo iliyokuwa ikijibu kabla ya wenzake. Sijambo. Kijani. Majibu ya damu yanaingia mle, hayatoki.

Nililifuta jina lake kwenye chombo. Kugeuka tu kuchukua chai, limerudi. Nikakizima chombo chenyewe. Wakala akagoma kufanya kazi. Nikakiandika upya tangu mwanzo, macho yamenitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kijani!

Simu ikalia. Mke wangu, yuko wodini.

"Baba watoto, majibu yako wapi? Daktari anasema hampasui mama mpaka aione damu yake, na utumbo umejisokota. Wamemtoboa na kumtoboa, hata mishipa imejificha!"

"Nashughulikia."

"Unashughulikia tangu asubuhi! Si wewe uliyejigamba mbele ya mama kwamba hospitali nzima inaendeshwa na kidole chako? Kiko wapi hicho kidole?"

Akakata.

Muuguzi mkuu alikuwa ananusa hewa. Sauti yake ikashuka. "Unasikia harufu hiyo?"

Karafuu. Marehemu alikuwa akitafuna karafuu kutwa kwa ajili ya jino lake bovu, na alianguka palepale, nyuma ya kabati.

"Naisikia tangu asubuhi, dada. Ile shikamoo unafikiri nilikuwa nampa nani?"

"Nilimpokea mimi kwenye machela," akanong'ona. "Midomo imeshabadilika rangi. Namuuliza, mzee, hujambo? Akasema sijambo. Hakusema neno jingine tena." Akaitazama skrini. "Na chombo chako kinamuuliza nini?"

"Hujambo."

"Basi ulitaka akujibu nini, kaka? Nani huulizwa hujambo akasema hapana? Mtu roho iko kooni anasema sijambo. Mimi mgonjwa namsalimia kwa adabu, halafu namuuliza la maana. Andika: unaumwa wapi?"

Nikaandika.

Feni za seva zote zikanyamaza kwa pamoja, ukimya ukatuingia masikioni kama maji, karafuu ikazidi mpaka ikawa inawasha koo, na kule nyuma ya kabati, ambako hapakuwa na mtu, kitu kikakohoa, kikohozi kilekile kikavu cha mzee anayejizuia asisumbue watu, kisha kwenye skrini, herufi moja baada ya nyingine, polepole kama anayechapa kwa kidole kimoja, likaja neno: Kifua.

Muuguzi mkuu akanisukuma, akakaa kitini, akachapa huku akisema kwa sauti: "Pole sana, mzee. Hukusema mapema. Kazi tutaimalizia sisi. Tupe, ukapumzike."

Halafu ile taa ya kijani ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika. Feni zikavuma tena. Simu yangu ikalia.

"Yamekuja!" mke wangu alipiga kelele. "Yote, kwa mkupuo! Wanampeleka chumba cha upasuaji!"

Kesho yake nikaenda kumwona mama mkwe. Alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, uso umetulia kupita kiasi.

"Shikamoo, mama. Hujambo?"

"Sijambo," akajibu kwa sauti ya mbali.

Nywele zikanisimama. Shati nililovaa, safi kutoka kabatini, lilikuwa linanukia karafuu. Nikainama, nikamnong'oneza sikioni: "Mama… unaumwa wapi?"

Akafumbua jicho moja.

"Nimepasuliwa tumbo, unaniuliza naumwa wapi? Hebu toka hapa, niitie binti yangu."