Karatasi Kumi Chini ya "Nafanya"

Dada mkubwa na mdogo wake walisoma chuo kimoja, mwaka mmoja. Haikupaswa kuwa hivyo. Dada mkubwa alifeli somo la afya ya jamii, akarudia mwaka, na mdogo wake akamkuta. Sasa walilala chumba kimoja. Akifeli tena, chuo kingemwondoa.

Kila jioni roho ilimuuma. Mdogo wake alifunga daftari mapema, akaenda kuoga huku akiimba. Yeye alibaki na insha, ripoti na mahojiano, vyote nusunusu.

"Anajidai," alinung'unika. "Na kuimba kwenyewe hajui."

Ukutani mdogo wake alibandika vikaratasi vya kazi zake katika safu tatu: Bado, Nafanya, Tayari. Dada mkubwa akaona kijicho. Akaiga kimyakimya, ndani ya mlango wa kabati lake. Vikaratasi kumi akavibandika vyote chini ya Nafanya, aonekane mchapakazi. Aonekane na nani, na kabati limefungwa? Mwenye wivu hajiulizi hayo.

Wiki mbili zikapita, hakuna kilichohama. Akaenda kwa jirani yao, fundi wa programu za simu, aliyemfundisha mdogo wake mpango ule.

"Kaka, mbona kwangu haufanyi kazi?"

"Una vingapi kwenye Nafanya?"

"Kumi."

Jirani akacheka. "Sisi kazini hatuzidishi viwili. Maliza kimoja, ndipo uchukue kingine. Kazi kubwa ikate vipande vya siku moja moja. Leo andika maswali ya mahojiano, kesho tafuta wa kumhoji. Na kila Ijumaa mwonyeshe mtu ulichofanya, hata kama hakijakamilika. Kosa likionekana mapema, linarekebishika."

"Nimwonyeshe nani?"

"Kwani unaishi na nani?"

Akanuna. Heri kufukuzwa, aliwaza, kuliko yule kuiona insha yangu.

Lakini kufukuzwa kulimtisha zaidi. Ijumaa akampa kurasa mbili, bila kumtazama usoni.

Mdogo wake alisoma polepole. "Dada, swali linauliza sababu za ugonjwa. Wewe umeeleza tiba."

Ilikuwa kweli. Aibu ilimshika, ila zilibaki siku tisa kabla ya kukabidhi. Akaikata kazi upya, kila siku kipande kimoja, akaikabidhi kwa wakati.

Alifaulu, alama sitini na nane. Mdogo wake alipata themanini. Kijicho kikamrudia palepale.

"Lete insha yako hapa," akasema, akivuta kiti karibu. "Nione umenizidi wapi."